Je, Wajua Chyulu? Kisiwa cha Volkeno Kisicho na Bahari

Mvua ikinyesha Kola, Machakos, unaiona ikiondoka. Inashuka kwenye matuta ya mashamba, inajaa mitaro ya kando ya barabara, inaingia korongoni ikiwa nyekundu, na kesho yake asubuhi mto umerudi kuwa mchanga mtupu. Machakos na jirani yake Makueni zina mito mingi ya namna hiyo: majina inayo, madaraja inayo, maji haina. Lakini mwendo wa saa chache kuelekea kusini kuna milima ambayo mvua ikiinyeshea, huioni ikienda popote. Milima hiyo haina mto wala kijito. Hata hivyo, maji yanayodondoka juu yake yanachotwa kwenye mifereji ya Mombasa.

Hiyo ndiyo Chyulu, na wengi wetu tumeipita bila kuitazama. Ukisafiri kwenda Mombasa kwa basi au kwa gari moshi, ukishaivuka Emali, upande wako wa kulia unaanza mstari mrefu wa vilima vya mviringo, kijani kibichi wakati wa masika na hudhurungi wakati wa kiangazi. Kufikia hapo nusu ya abiria wamelala, na walio macho wanawatafuta ndovu wa Tsavo kabla ya wakati wao. Safu hiyo ina urefu wa kilomita 100 hivi, na kilele chake kirefu kabisa kinakaribia mita 2,200. Vilima vyenyewe ni mamia, na kila kimoja ni mdomo wa volkeno uliofunguka, ukatema, ukaziba, usifunguke tena. Kilimanjaro, inayoonekana ng'ambo ya pili siku za anga safi, ilijengwa na moto uliorudi palepale mara nyingi hadi mlima ukafika mita 5,895. Moto wa Chyulu haukurudi palipotoka. Kila mara ulitafuta ufa mpya.

Nyufa hizo ndizo zilizoupa mlima umbo lake. Zimelala kutoka kaskazini-magharibi hadi kusini-mashariki, na vilima vimejipanga juu yake. Moto ulianza upande wa kaskazini yapata miaka milioni 1.4 iliyopita, kisha ukawa unahamia kusini kidogo kidogo. Kwa hiyo mtu anayesafiri kutoka juu kwenda chini anatembea kutoka kwenye mawe ya zamani kuelekea mapya, na mapya kuliko yote yako mwishoni, karibu na mpaka wa mbuga ya Tsavo Magharibi.

Watu hupanda ndege na kutumia fedha nyingi kwenda kuzunguka visiwa vya volkeno kama Réunion au vile vya Kanari, ramani mkononi, bila kiongozi. Wanachokitafuta huko kipo Chyulu: uwanda wa lava nyeusi unaokatisha barabara, vilima vya majivu vya kupanda kwa miguu, mapango yaliyochimbwa na moto, na msitu wa ukungu juu kabisa ambao unyevu wake hauhusiani na ukame wa chini. Kinachokosekana ni bahari, na nafasi yake imechukuliwa na nyika. Ndege au mmea wa msitu ule wa juu umezungukwa na kilomita nyingi za vichaka vikavu asivyoweza kuishi ndani yake, na kwa maana hiyo anaishi kisiwani sawasawa na mwenzake wa Réunion.

Safari ya kwenda huko naona ianzie Kola, kwa sababu ya jiwe. Okota moja kwenye mmomonyoko wowote nyuma ya soko. Lina mistari, myeusi na myeupe, iliyopindwa na kukunjwa, na ukiligeuza juani vipande vidogo vya ulanga vinametameta. Wanajiolojia huliita naisi. Jiwe hilo halijawahi kutoka kwenye volkeno. Liliokwa na kubanwa kilomita nyingi ardhini mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, wakati vipande vya mabara vilipogongana na kusukuma juu milima ambayo imekwisha kulika siku nyingi. Vilima vya Kola na Mbooni ni mashina ya milima ile. Ni jiwe gumu, na maji hayalipenyi kwa urahisi. Likumbuke jiwe hili, maana tutalihitaji tukifika chemchemi za Mzima.

Barabara ya lami inateremka kutoka Kola hadi Wote, kisha Makindu. Huko unaweza kula chakula cha mchana bure katika hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambalo hupokea msafiri yeyote bila kumuuliza dini yake. Ukitaka kutoa chochote, sanduku la sadaka lipo. Sababu ya mji kuwa hapo ni ileile ya Kibwezi kuwa pale ilipo: chemchemi. Wajenzi wa reli walipiga kambi Makindu, na wamishonari wa Kiskoti walijenga kituo Kibwezi mwaka 1891 kabla ya malaria kuwahamishia Kikuyu. Wote hao, na misafara iliyowatangulia, walifuata maji yanayobubujika chini ya mawe meusi katikati ya nchi kavu. Kuyaona mawe yenyewe ni rahisi. Baina ya Kiboko na Kibwezi udongo mwekundu unakatika ghafla, na kando ya barabara kuu panaanza marundo ya mawe meusi yenye vitundu. Hizo ni ndimi za lava ya Chyulu zilizofika mpaka barabarani. Msitu wa Kibwezi, wenye miti mikubwa mahali ambapo mvua haitoshi hata kwa mahindi, umesimama juu ya lava hiyo ukinywa maji yanayopita chini yake.

Kituo kikubwa ni Shetani. Unafika kupitia Mtito Andei, unaingia mbuga ya Tsavo Magharibi, unaelekea lango la Chyulu, na kilomita chache magharibi mwa lango hilo barabara inapanda juu ya kitu ambacho mara ya kwanza utadhani ni machimbo ya mawe yaliyotelekezwa. Ni mto wa lava wa kilomita 8 hivi, mweusi kutoka ukingo hadi ukingo. Ulimwagika yapata miaka 200 iliyopita, maana yake ni jana kwa hesabu za mawe. Walikuwapo watu walioutazama, na jina la mahali linatosha kueleza walichokiona: ardhi imepasuka, moto unatoka chini, unatambaa na kumeza vichaka. Simulizi za sehemu hizo zinasema wapo waliofunikwa, na kwamba vilio vyao husikika bado. Upepo ukipita katika mianya ya mawe yale hutoa mlio, hilo ni kweli, na sina haja ya kubishana na mtu kuhusu mlio huo ni wa nani.

Hapa ndipo pa kushuka garini. Okota kipande kimoja na ulinganishe na lile jiwe la Kola. Hiki ni chepesi kuliko kinavyoonekana, kwa sababu kimejaa matundu. Lava ilipokuwa chini ilibeba gesi iliyoyeyuka ndani yake. Ilipokaribia juu, mbano ukapungua, gesi ikafanya mapovu, na lava ikaganda kabla mapovu hayajapasuka. Kipitishe kidole: kingo zake zinakata. Kwa karibu utaona pia madoa ya kijivu na ya kijani hafifu yaliyong'ang'ania upande mmoja wa jiwe. Hayo ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, wakaaji wa kwanza wa jiwe jipya. Wanalilainisha kwa asidi zao, vumbi linanasa, mbegu ya nyasi inapata pa kushika. Katika Shetani kazi hiyo imefika mbali kidogo tu: kichaka hapa, mmea mnene wa jangwani pale, na katikati ni weusi mtupu. Panda gari uende kaskazini kwenye vilima vya zamani, uone kazi hiyohiyo ikiwa imekamilika: nyasi hadi magotini na msitu vileleni. Ni jiwe lilelile, tofauti ni muda.

Tembea polepole. Mawe ya Shetani mengi hayakushikana, yanabingirika chini ya mguu, na anayeanguka juu yake hachubuki tu bali anakatika. Ukivaa kandambili utarudi garini mapema. Joto nalo ni adui. Weusi ule hunywa jua kutwa, na saa saba mchana hewa inayotoka chini ni ya moto kuliko inayotoka juu.

Lava ikimwagika kwa wingi juu ya mteremko, hupoa kwanza usoni, kama uji unaoshika utando juu huku chini bado unachemka. Utando huo unakuwa dari. Chini yake lava inaendelea kukimbia, na chanzo kikikatika, ya mwisho inatiririka na kuacha bomba tupu. Chyulu ina mabomba mengi ya aina hiyo, na moja linaitwa Leviathan. Wachunguzi wa mapango walilipima miaka ya 1970 wakakuta mapango yake yana urefu wa zaidi ya kilomita 11, jambo linaloliweka miongoni mwa mapango marefu ya lava duniani. Dari limeanguka sehemu kadhaa, na kwa matundu hayo mwanga huingia na popo hutoka. Leviathan si mahali pa kwenda peke yako. Pale Shetani kuna pango dogo lenye njia ya kuingilia, ambalo linatosha kukuonyesha bomba la lava lilivyo ndani, mradi una tochi mbili na wenzako wanajua umeingia.

Sasa turudi kwenye maji. Mawingu kutoka Bahari Hindi yanapokutana na safu hii hupanda, hupoa, na kuacha mvua na ukungu vileleni. Miti ya juu huuchuja ukungu kwa majani na ndevu za kuvumwani zinazoning'inia matawini, na matone yanadondoka hata siku isiyo na mvua. Kwingine kokote maji hayo yangefanya vijito. Hapa yanadondokea majivu ya volkeno na mawe yenye nyufa, na yanazama yalipodondokea. Yanapita tabaka moja la lava, la pili, la tatu, yanaingia katika mabomba matupu na mianya, hadi yakutane na kitu kisichoyapisha. Kitu hicho ni naisi, mwamba wa Kola. Chyulu yote imemwagwa juu ya nchi ya zamani ya mwamba ule. Maji yakifika hapo hayawezi kwenda chini zaidi, basi yanafuata mteremko wa mwamba gizani, kilomita kwa kilomita, mpaka lava iishe na mwamba uchomoze. Lava inapoishia ndipo maji yanapotoka. Kiboko, Makindu na Umani karibu na Kibwezi ni milango ya upande wa mashariki.

Lango kuu ni Mzima, kilomita 50 hivi kutoka vilimani. Zaidi ya lita milioni 200 hutoka kila siku chini ya ukingo wa lava, safi kiasi cha kuhesabu kokoto zilizo chini. Yamechujwa njia nzima. Mwaka 1957 bomba lilifunguliwa kupeleka sehemu ya maji hayo Mombasa, na yanashuka kwa mteremko wenyewe, kwani Mzima iko juu kuliko bahari. Kiasi kinachochukuliwa, lita milioni 35 kwa siku, ni sehemu ndogo ya kinachobubujika. Kinachobaki kinaingia mto Tsavo.

Mzima pia ni kituo kinachomfaa anayejitembeza. Kuna njia ya miguu kando ya mabwawa chini ya mikindu na mikuyu, na askari wa Shirika la Wanyamapori yupo kukusindikiza, maana mamba nao hutembea njia hiyohiyo. Njia inafika kwenye chumba cha chuma chenye vioo kilichozamishwa nusu bwawani. Usishuke ukitarajia kiboko. Viboko walikwisha kukijua chumba hicho na hukaa mbali nacho. Utakaowaona ni samaki, na samaki hao wapo kwa sababu ya viboko. Usiku kiboko hutoka kwenda kula nyasi. Mchana hurudi majini na kuzishusha huko. Maji ya Mzima yenyewe ni safi mno kulisha chochote, kwa hiyo kinyesi hicho ndicho kinachowalisha wadudu na samaki, nao samaki wanawalisha mnandi na mamba. Ukame ukimaliza nyasi za nje, njaa inafika hadi chini ya bwawa ambalo halijapungua hata kidole.

Watu wa Kola hawakupewa milima ya majivu. Walichopewa ni mwamba usiopitisha maji, na mvua inayokimbia. Mwaka 1978 kundi la Utooni, lililoanzishwa hapo Kola na Joshua Mukusya na wenzake, liliugeuza ubaya huo kuwa mtaji. Kwa nguvu za mwethya, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, walijenga ukuta wa zege katikati ya mto wa msimu, msingi wake ukikaa juu ya mwamba wenyewe. Mvua zikija, mchanga mzito unatua nyuma ya ukuta na tope jepesi linapita juu na kwenda zake. Baada ya misimu michache bwawa limejaa mchanga hadi ukingoni, na mgeni anaweza kudhani kazi imeharibika. Kumbe kati ya punje za mchanga kuna nafasi, robo ya ujazo wote au zaidi, na nafasi hiyo yote ni maji. Jua haliyafikii, mbu hawazaliani humo, na mwamba chini hauyapitishi. Mama anachimba kwa kata, anasubiri kisima kijichuje, anachota. Namna hiyo ya bwawa imeenea Machakos, Makueni na Kitui, na imevuka hadi nchi nyingine kavu. Kanuni yake ni ya Chyulu: ficha maji ndani ya kitu chenye matundu, juu ya mwamba usiovuja.

Anayetaka kuona mlima ukinywa mvua bila kurudisha aende Ngazidja, katika Visiwa vya Komoro. Karthala, volkeno yenye mita 2,361, inapata mvua nyingi ajabu, lakini kisiwa hicho hakina mto wa kudumu. Maji yanazama katika lava na kutokea ufukweni yakichanganyika na chumvi. Kwa hiyo vijiji vingi hukinga mvua ya mapaa katika birika kubwa za saruji. Mwezi Novemba 2005 Karthala ilipolipuka, majivu yalianguka juu ya mapaa yale na kuingia katika birika hizo, na watu wenye mvua nyingi kuliko Mombasa wakawa hawana cha kunywa. Chyulu ingekuwa na bahari ya kweli kuizunguka, Mzima ingekuwa inabubujika chini ya mawimbi, na Mombasa ingetafuta maji kwingine.

Ndiyo maana mkaa unaochomwa Chyulu si habari ya wanamazingira peke yao. Msitu wa vileleni ndio unaochuja ukungu, na moto wa nyasi unaowashwa kila kiangazi hula kingo zake. Sehemu ya safu imekuwa mbuga ya taifa tangu mwaka 1983. Bado mpango wa kuongeza bomba la pili kutoka Mzima hutajwa mara nyingi kuliko mpango wa kupanda mti mmoja juu ya mlima unaolijaza, na kwangu huko ni kuhesabu maziwa na kusahau malisho.

Kama unataka kwenda, nenda mwezi Januari au Februari, au baina ya Juni na Septemba, kwa gari lenye magurudumu yaliyoinuka. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, kwa hiyo maliza malipo kabla mtandao haujakukimbia baada ya Mtito Andei. Ukiwa na nafasi ya kilima kimoja tu cha kupanda, panda Chaimu, karibu na Kilaguni, hoteli ya kwanza kujengwa ndani ya mbuga ya taifa nchini Kenya, mwaka 1962. Ni kifupi, ni cheusi, na majivu yake yanakurudisha nyuma kila hatua. Vaa viatu vya kufunga, beba maji zaidi ya unavyodhani utakunywa, usishuke garini mahali pasiporuhusiwa, na mawe yaache pale pale. Anza mapema: lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, na kuendesha gari mbugani usiku hakuruhusiwi.